Ukili Uliokaa Chini ya Mtungi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikangoja, maana ulinifunza kwamba mtoto hatii neno la pili mdomoni kabla hajasikia marahaba. Leo nitaendelea bila kuisikia. Nina mengi ya kukwambia na basi la Dar es Salaam linaondoka alasiri.

Niko nyumbani kwako Ngamiani, chumba cha mbele, na nimekaa chini. Ni asubuhi, jua limeingia dirishani mpaka kwenye goti langu. Nje baiskeli zinapita na kengele zao, na yule muuza mihogo bado anapiga kelele kana kwamba mtaa mzima ni kiziwi. Rehema wako yuko uani anakuna nazi. Amekataa katakata nisafiri na tumbo tupu, na wewe unajua tumbo tupu kwa mwanao huyo maana yake ni kwamba umekula sahani moja tu.

Naanza na safari yenyewe. Unamkumbuka Salha, mtoto wa yule mzee wa duka la vitambaa, wale Waarabu waliokuwa wakikuletea halua kila Idd? Yule aliyelia kila asubuhi mwezi mzima mpaka ukamkalisha ubavuni kwako, mkono mmoja ukimshika yeye na mwingine ukiandika ubaoni. Salha sasa ni mama wa watoto wanne, anaishi Maskati, na mama yake yuko naye huko, ameshakuwa mzee sana. Aliniambia kwenye simu kwamba mama yake anawasimulia wajukuu hadithi za Tanga, nao wanamtazama tu, hawajui anasema nini. Wanamwitikia kwa kichwa. Siku moja bibi akachoka, akasema basi, na tangu siku hiyo hasimulii tena.

Ndiyo sababu Salha anataka chuo. Ana vyumba viwili vya chini, majirani zake wenye asili ya huku kwetu wako tayari kuleta watoto, na makaratasi ya serikali yamekamilika baada ya kuzungushwa hadi tukakata tamaa. Anataka watoto wadogo wafundishwe kusoma, kuhesabu na kuzungumza Kiswahili chenye adabu. Akaniomba mimi. Nimeacha kazi Mwera baada ya miaka ishirini na minne, nimemwachia jirani nyumba na kuku, nimekuja Tanga kwa siku nne kabla ya kuondoka. Na Salha alikuwa na sharti moja tu. Alisema, "Dada Mwanasha, mie madawati sitaki. Njoo na lile jamvi la Mwalimu."

Basi nilikuja hapa na shida mbili: kuchukua jamvi lako, na kuomba radhi.

Jamvi hili nimelikalia sasa hivi. Limeshika chumba chote, ukuta kwa ukuta, na upande wa mlango limekunjwa kwa sababu halienei. Nilipoletwa kwako kutoka Mwera nikiwa na miaka sita lilikuwa halifiki hata nusu ya chumba. Baba alinishusha barazani, akakuambia, dada, huyu hapa, nakuomba asome. Wewe hukuuliza nina akili au sina, wala najua kuhesabu mpaka ngapi. Uliuliza, "Ukili wake uko wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya chuo chako. Kila mtoto alikuja na ukili mmoja, msuko mwembamba wa majani ya miaa uliosukwa na mama yake, upana wa kiganja na urefu wa pima tatu. Wewe ukauchukua, ukatoa shazia, ile sindano yako kubwa, ukaushona ubavuni mwa jamvi mtoto akitazama. Ukimaliza ukampigapiga begani, ukamwambia keti. Tangu hapo mtoto ana mahali pake duniani. Mama zetu wengine walitia rangi, zambarau na kijani, maua ya kila namna. Wengine walisuka mweupe mtupu. Na ukingoni kabisa, upande wa ukuta, kulikuwa na ukili wa kwanza uliokuwa mweusi kwa uzee. Huo hukuusuka wewe. Alikusukia mwalimu wako siku uliyomwambia unataka kuanza chuo chako mwenyewe. Ulituambia habari hiyo zaidi ya mara moja, na mimi niliisikia zaidi ya mara moja. Liweke hilo akilini, Shangazi, nitalirudia, na nitaona haya.

Ukili wa mama yangu ulikuwa mweupe, na ulikuwa na kasoro. Alikuwa akiusuka na mimba ya mdogo wangu, akashikwa na uchungu akiwa katikati. Alipourudia baada ya arobaini alikosea hesabu ya miaa, pakatokea kinundu. Watoto walikuwa wakikipapasa na kucheka, wakaniita mtoto wa kinundu, nami nikapigana nao mpaka vitabu vikachanika. Siku moja ulikuja ukachuchumaa hapo, ukaweka kidole chako juu yake. "Hapa ndipo mdogo wake alipozaliwa," ukasema. "Mkipapase kwa adabu." Baada ya siku hiyo wakawa wanakigombania.

Nakumbuka pia siku ya mama wa Saumu. Alikuja kukutukana mbele yetu, akadai unapendelea watoto wenye maduka, akasema maneno ambayo sitayaandika kwenye karatasi safi. Alipoondoka na mtoto wake ulichukua kisu kidogo, ukakaa kitako, ukafumua ukili wa Saumu uzi kwa uzi mpaka ukatoka wote. Ukauviringa, ukaufunga kwa kamba, ukaupeleka kwao bila ya salamu. Sisi tuliobaki tulikaa tukilitazama lile pengo kwenye jamvi mpaka ulipolishona kesho yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Anayerudishiwa ukili wake amefukuzwa.

Nilikua. Ukanisomesha, ukanipeleka chuo cha ualimu, nikarudi na cheti na viatu vya kisigino. Ulinifanyia karamu. Wali wa nazi, changu wa kupaka, wageni barazani mpaka kwa jirani. Katikati ya chakula ukanyanyuka, ukaingia ndani, ukatoka na shazia, ukaiweka mapajani mwangu mbele ya watu wote. Ukasema chuo sasa ni changu, na wewe utakaa pembeni unisaidie na wale wanaolia.

Ningeweza kusema nitafikiri. Ningeweza hata kusema ahsante kwanza, nikakataa kesho yake tukiwa wawili jikoni. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minane na cheti kipya, na kulikuwa na wenzangu wa chuoni pale barazani waliovaa suti. Nikasema, "Shangazi, mie sikusomea kuwa mwalimu wa kukaa chini."

Wageni wakatazama sahani zao. Wewe uliichukua shazia kutoka mapajani mwangu, ukaichomeka ukingoni mwa jamvi. Ukanitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Ukasema, "Haya, mwanangu. Kula, wali unapoa."

Nikapangiwa Mwera, kwetu nilikozaliwa. Sikuwahi kukuambia nilichokikuta huko, maana ungecheka, na ungekuwa na haki. Madawati hayakutosha. Tangu siku ya kwanza nusu ya watoto wangu walikaa chini, tena kwenye saruji tupu, bila hata kipande cha mkeka. Na mimi, ili niyaone madaftari yao, nilivua viatu vyangu vya kisigino nikakaa nao. Miaka ishirini na minne nimefundisha nikiwa nimekaa chini, Shangazi. Kiburi changu kilidumu wiki mbili. Kumbe kukuambia ndiko kulikonishinda.

Nikawa nakuja kila Idd. Ulinipokea vizuri, ukaniandalia chai ya tangawizi na vitumbua, ukaniuliza hali ya Mwera na mvua. Ulinikirimu, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nilikuwa sijawahi kukirimiwa katika nyumba hii. Nilikuwa nikiambiwa kaoshe vyombo.

Halafu nikasikia umefunga chuo. Waliniambia umechoka, nikaamini, kwa kuwa ilinifaa kuamini. Haikupita miezi mingi, akaja Bi Mgeni, yule mwanamke wa Makorora aliyekuwa akifuata nazi Mwera na Pangani kuja kuziuza Tanga. Alisimama mlangoni kwangu na kifurushi. Akasema, "Shangazi yako kakupa hii," akashika njia, maana gari lake lilikuwa likimngoja.

Ulikuwa ukili. Umeviringwa, umefungwa kwa kamba, mweupe mtupu. Bila barua, bila salamu.

Sikuukunjua. Kwa nini niukunjue? Nilijua ni nini. Niliuona wa Saumu ukiviringwa hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba umekaa miaka yote hiyo na neno langu moyoni, na ulipofunga chuo ukaona usife na ukili wangu kwenye jamvi lako, ukaufumua ukanirudishia. Nililia, kisha nikakasirika, maana mimi kulia hakunidumu kamwe. Mtungi wangu wa maji ulikuwa ukiyumba pale pembeni. Nikauchukua ule ukili nikausukumiza chini yake, nikasema, haya, nawe ukae chini. Mwanzo ulikaa pale kwa hasira yangu. Baadaye ulikaa kwa mazoea.

Simu ilikuwepo, namba yako nilikuwa naijua kwa moyo. Idd ya kwanza sikuja, nikasingizia homa. Ya pili sikusingizia chochote. Kabla ya ya tatu Rehema akapiga alfajiri, akasema tu, "Mama katutoka." Nilifika wakiwa wameshatoka makaburini. Nilikaa ndani na wanawake, jamvi lilikuwa nje limekaliwa na wanaume, nami sikutaka hata kulitazama. Ilipokwisha hitima nikarudi Mwera. Hiyo ni miaka saba sasa.

Kwa hiyo unaelewa nilivyoingia mji huu siku nne zilizopita. Mtu wa kwetu haondoki nchini kimyakimya. Anapita kwa jamaa na majirani, nyumba kwa nyumba, anasema nimekukosea kwa ninalolijua na nisilolijua, niwie radhi, nao wanamwambia, tumekuwia radhi. Nimepita Barabara zote tulizozijua. Bi Fatuma wa kona amenisamehe jogoo wake niliyempiga jiwe nikiwa darasa la tatu, lakini kwanza alinieleza sifa za yule jogoo kwa kirefu. Mzee Omari, fundi wa baiskeli, yeye ndiye aliyeniomba mimi radhi, akanipa na sababu, na sababu yenyewe siwezi kukuandikia, utanifuata Maskati na fimbo. Nilicheka siku ile kama nilivyokuwa sijacheka kwa muda mrefu.

Lakini radhi za majirani wote haziendeshi chuo. Anayekwenda kuwakalisha watoto wa watu mbele yake anahitaji radhi ya aliyemkalisha yeye. Sijui kama limeandikwa popote, ila nimelelewa nalo na siwezi kulitoa mwilini. Nilimwambia Rehema ukweli jioni ya kwanza tukipeta mchele. Nikamwambia mama yako alinifukuza, na nisipopata radhi yake sitakwenda, nitampigia Salha nimwambie atafute mwalimu mwingine. Nikamwomba yeye anitolee, kwa kuwa ni mwanao wa pekee.

Akaweka ungo chini. "Ya kwangu nakupa," akasema. "Ya mama sina ruhusa ya kuitoa."

Hakusema kwa ubaya. Rehema hajui kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu, amerithi kwako. Kisha akaongeza kwamba hajui habari ya ukili wowote kurudishwa. Wakati huo yeye alikuwa kwa mumewe Korogwe, alirudi mwaka wa mwisho tu kukuuguza. Na hapo ndipo aliponiambia habari ya macho. Kwamba ulifunga chuo kwa sababu ulikuwa huoni tena ubao, na ukamkataza asinieleze. Ulisema nisije kwa kukuhurumia. Shangazi, ningekuja. Nadhani ningekuja. Siwezi kukuapia, na hilo ndilo linalonichoma.

Kesho yake asubuhi tukalikunjua jamvi ili tulipime kama litaingia kwenye mzigo. Limepauka, na Rehema anasema hukaliwa kila msiba na kila arusi ya mtaa, wanakuja kuliazima kutoka Barabara ya tatu huko. Nikaanza kutafuta pengo langu. Nilitaka nilione kwa macho yangu. Nilipiga magoti nikapita kutoka ukuta huu mpaka ule: ukili wa Salha wenye zambarau, wa mapacha wa fundi cherehani, wa yule mtoto aliyekuwa akila chaki. Pengo sikuliona. Nikadhani umelishona, kama ulivyofanya la Saumu. Basi nikaweka mkono kuegemea ninyanyuke, na chini ya kiganja changu kikawepo kinundu.

Nilikipapasa kwa muda mrefu. Rehema akaniuliza kama nimechomwa na kitu. Nikamwambia, hapa ndipo mdogo wangu alipozaliwa.

Ukili wa mama yangu uko kwenye jamvi lako. Haukufumuliwa. Uzi wake ni ule ule wa zamani, wa bluu, ulioushona mimi nikitazama.

Sasa ule wa chini ya mtungi ulikuwa nini? Sikunywa hata chai. Nilikodi bodaboda mpaka Makorora kumtafuta Bi Mgeni. Ameacha biashara, magoti yanamsumbua, lakini ulimi uko salama. Nilimwamkia, akanimiminia chai, nikamkumbusha kile kifurushi, nikamwuliza alipewa na maneno gani.

"Sikupewa neno, nilipewa mzigo," akasema. "Kausuka mwenyewe yule, kwa kupapasa. Miaa nilikuwa nikimletea mie kutoka Pangani, na kila nikija namkuta pale pale barazani, anasuka anafumua, anasuka anafumua. Nikamwuliza, Mwalimu, ukili wa nini tena na chuo umeshafunga? Akanambia, wa Mwanasha. Siku akitaka kukaa chini asikose pa kuanzia."

Nikamwuliza mbona wewe, Shangazi, hukutuma hata neno moja.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, yule ni mwalimu, akiukunjua atajua." Kisha akanitazama. "Uliukunjua, sivyo?"

Nikamwambia chai yake tamu sana.

Nilikuwa najua, Shangazi. Hilo ndilo lililonipiga njiani nikirudi. Ule ukili mweusi wa ukingoni, wa mwalimu wako, nilikuwa nimeisikia hadithi yake tangu utotoni. Nilijua kwamba ukili hutolewa kwa njia mbili, ya kufukuza na ya kuanzisha. Na ulipofika mlangoni kwangu sikufikiri hata kidogo kwamba ungeweza kunitakia ile ya pili. Nilikupima kwa neno langu mwenyewe. Kwa kuwa mimi ningekasirika, nikaona na wewe umekasirika.

Nilimpigia Mama Hadija, jirani yangu wa Mwera niliyemwachia nyumba. Nikamwuliza habari ya kile kitu cha chini ya mtungi. Akasema, "Kile kilichooza? Nimekitoa jana." Nikamwuliza kakitupa wapi. Akasema hakukitupa, alikianika juu ya banda la kuku, kwa sababu alipokibonyeza katikati aliona bado kigumu, na yeye hawezi kutupa msuko wa mtu. Nilimwombea dua nyingi kiasi kwamba akaanza kunishuku. Jana kikaja kwa basi la Pangani, ndani ya mfuko wa sukari.

Tulikifungua hapa hapa jamvini, mimi na mwanao. Mizunguko ya nje ilikuwa myeusi, ikakatika vidoleni mwetu kabla hata ya kukunjuka. Nilikuwa nakiokota kila kipande na kukiweka kwenye sinia, Rehema akinizuia, akisema acha, dada, hivyo vimekwisha. Halafu rangi ikaanza kubadilika. Kahawia, kisha manjano, kisha mweupe. Katikati ulikuwa mweupe kama siku uliyoufunga.

Upana wake haulingani. Mahali pengine ni kiganja, mahali pengine vidole vitatu. Kuna mahali uliruka miaa miwili, ukarudi, ukaifuata tena. Wewe, uliyekuwa ukitufumulia msuko mzima kwa jani moja. Rehema alilia waziwazi. Mimi nilikuwa nahesabu yale makosa yako, moja moja, kwa kidole, nikiona mkono wako ukitafuta njia kila penye kosa. Na mwishoni kabisa hukuukata. Uliiacha miaa mirefu, haijafungwa, kama unavyoacha msuko unapokwenda kuswali ukijua utarudi kuendelea.

Jamvi lako silichukui. Nilimwambia Salha jana, akasema umefanya vizuri, maana wa kwake pia angependa ubaki Ngamiani ukaliwe na watu. Kama mtaa unalihitaji kwa misiba na arusi basi bado ni chuo. Ninauchukua huu wangu. Nimeupima, pima mbili na kidogo ndizo zilizosalia nzima. Jamvi langu litakuwa fupi kuliko lako kwa sababu hiyo, na kila mama wa Maskati nitakayemwambia asuke ataniuliza mbona si pima tatu. Nitamwambia sababu, mbele ya watoto. Wale wasiojua kusuka nitawakalisha chini niwafundishe, na yule bibi wa watoto wa Salha, aliyekata hadithi, nimeshapanga ndiye atakayekaa katikati yao akisimulia mikono ikifanya kazi.

Rehema amenipa na shazia yako. Ilikuwa bado imechomekwa ukingoni, mahali ulipoirudisha siku ile ya karamu ama siku nyingine kama ile. Safari hii nimeipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, ingawa nimechelewa miaka ishirini na minne na aliyenipa siye.

Naitwa kula. Wali wa nazi, nasikia harufu mpaka hapa, na changu wa kupaka. Safari hii nitakula ukiwa wa moto.

Nimezunguka mtaa mzima, Shangazi, nyumba kwa nyumba, nikiomba radhi kwa watu walionidai jogoo. Ya kwako nilikuwa nayo kwangu miaka tisa, nimeitwika mtungi wa maji.

Lala salama, mwalimu wangu. Niombee huko uliko, nami nitakuombea nikiwa kitako na watoto wako wapya.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
mwalimu wa kukaa chini.